Kusoma protini herufi kwa herufi: Sanger, Edman na kipande kimoja cha himoglobini (uzi mrefu, karibuni)

#1 Mzee wa Pipeti

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa DNA kuna mdau aliandika kwamba kusoma protini kwa kemia ni historia ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Siku hizi unasoma jini, unatafsiri kodoni, kazi imeisha. Sikutaka kumjibu kule nikauteka uzi wa watu, kwa hiyo nimeleta mada hapa ijitegemee.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: jini linakueleza protini iliyoagizwa, halikuelezi protini iliyopo kwenye chupa yako. Chukua insulini ya binadamu. Jini lake linatoa mnyororo mmoja wa asidi amino 110 (asidi amino ndizo pingili zinazounda protini), lakini kinachozunguka kwenye damu ni minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine wa 30, iliyofungwa pamoja kwa madaraja ya salfa. Ni wapi ilikatwa na nini kilitupwa njiani, hilo unalijua kwa kuishika protini yenyewe. Na aliyeusoma mpangilio wa insulini kwa mara ya kwanza alikuwa mkemia, wakati ambapo hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma DNA.

Kingine kinachofanya watu wazichukie hizi njia ni jinsi zinavyofundishwa. Sanger, Edman, dansili, CNBr, tripsini, haya kariri, kesho mtihani. Mimi nitatumia kipande kimoja tu cha protini na kukipitisha kwenye kila njia, tuone kila moja inatuambia nini na inatuficha nini.

Kipande chenyewe ni hiki. Mnyororo wa beta wa himoglobini ya mtu mzima una asidi amino 146. Ukiukata kwa tripsini (kimeng'enya kinachokata protini mahali maalumu), kipande cha mwanzo kabisa kinakuwa na asidi amino nane:

valini – histidini – lusini – threonini – prolini – asidi glutamiki – asidi glutamiki – lisini

Kwa herufi za kimataifa: VHLTPEEK. Andika pembeni, tutakitesa uzi mzima. Mwenye seli mundu ana VHLTPVEK. Nafasi ya sita tu. Tutarudi huko.

Sasa tatizo. Ukichukua kipande hiki ukakifungia kwenye mrija usio na hewa, na asidi ya hidrokloriki ya molari 6, nyuzi 110, saa 24, vifungo vyote vya peptidi, yaani vile vinavyoshikanisha asidi amino, vinakatika. Unaweza kupima kilichomo na kiasi chake: V moja, H moja, L moja, T moja, P moja, E mbili, K moja. Vizuri. Lakini mipangilio inayowezekana kwa hesabu hiyo ni 20,160. Hujui chochote kuhusu mfuatano.

Na hata hesabu yenyewe haisemi kweli yote. Asidi ile inaharibu triptofani. Serini na threonini zinapungua kiasi. Asparajini na glutamini zinapoteza amidi zake na kugeuka asidi aspatiki na asidi glutamiki, kwa hiyo E unayoiona inaweza kuwa ilianza maisha ikiwa Q, yaani glutamini. Stein na Moore wa Rockefeller, New York, waliifanya kazi ya kuhesabu kuwa ya mashine mwaka 1958 wakiwa na Spackman: safu za kubadilishana ayoni, halafu ninhidrini, dawa inayozitia rangi asidi amino; rangi ya zambarau inasomwa kwenye nanomita 570 na prolini peke yake, ambayo inatoa njano, kwenye 440. Mashine ile ilikuwa nzuri sana, ila nayo ilikuwa inahesabu, haisomi.

Nanywa chai, narudi na Sanger.

#2 Kobe Mzee

Siti ya mbele. Leta nondo mkuu.

#3 BintiMaabara

Nimeweka kambi. Ila usituache njiani kama ule uzi wako wa PCR.

#4 Mzee wa Pipeti

Dada, ule umeme ulikatika. Tuendelee.

Frederick Sanger, Cambridge, miaka ya 1940. Profesa Chibnall ndiye aliyemsukumia insulini. Sababu haikuwa na ushairi wowote: insulini ya ng'ombe ilikuwa moja ya protini chache sana ambazo ungezipata zikiwa safi, tena kwa kununua, kwa wauza dawa wa Boots. Wakati huo hata wataalamu wakubwa hawakuwa na hakika kama protini moja ina mpangilio mmoja maalumu, au ni mchanganyiko wa minyororo inayokaribiana tu.

Sanger alitafuta kitu kitakachonasa kwenye kundi la amino lililo huru mwanzoni mwa mnyororo, kisiachie hata protini ikichemshwa kwenye asidi. Akakipata kwenye fluorodinitrobenzini, FDNB. Katika alkali nyepesi na joto la kawaida inanasa, na kinachotoka ni cha rangi ya njano. Hiyo njano ni nusu ya uzuri wa njia yenyewe, maana unaifuata kazi yako kwa macho.

Kwa kipande chetu: unaweka FDNB, inanasa kwenye valini ya mwanzo. Unachemsha kwenye asidi, vifungo vyote vinakatika, lakini DNP (ile sehemu ya FDNB iliyonasa) haiachii valini. Unavuta kwa etha, ya njano inapanda kwenye etha, unaitembeza kwenye kromatografia (njia ya kutenganisha vitu kwa jinsi vinavyosafiri) ukilinganisha na DNP za asidi amino unazozijua. Inasimama pale inaposimama DNP-valini. Umemaliza, mwanzo ni V.

Mwanafunzi makini atauliza: lisini nayo si ina kundi la amino kwenye mkono wake wa pembeni? Ndiyo, nayo inanaswa na inakuwa ya njano. Lakini baada ya kuchemsha, lisini hiyo ina kundi lake la kawaida la amino likiwa huru, lenye chaji, kwa hiyo inabaki kwenye maji na haipandi kwenye etha.

Hiyo kazi ilitoka 1945. Kwenye insulini alikuta mianzo miwili, glisini na fenilalanini. Kwa hiyo ni minyororo ya aina mbili. Akavunja madaraja ya salfa kwa asidi ya pafomiki, akaitenganisha: A inayoanza na glisini, B inayoanza na fenilalanini.

#5 Mwaka wa Pili MD

Mzee, hapo nimekupata. Lakini kama unachemsha kila kitu ili kujua herufi ya kwanza tu, hiyo ya pili aliijuaje? Kipande si kimeshaharibika?

#6 Mzee wa Pipeti

Swali zuri kuliko yote utakayoulizwa kwenye mtihani. Ndiyo udhaifu wa FDNB: unajua wa kwanza, wengine wote umewamwaga.

Sanger aliuzunguka udhaifu huo kwa kupunguza ukali wa kukata. Badala ya kuvunja vifungo vyote, vunja baadhi. Kutoka kwenye kipande chetu chenye DNP utapata vipande vya njano vya urefu tofauti: DNP-V, DNP-VH, DNP-VHL. Kila kimoja ukikichemsha kabisa unajua kina nini. Cha pili kina V na H, basi H ni ya pili. Cha tatu kimeongeza L, basi L ni ya tatu. Ukifika mbali kidogo vipande vinakuwa vingi na kidogo mno, huoni tena.

Kwa sehemu za ndani ya mnyororo alikuwa anakusanya vipande vya asidi amino mbili, tatu, nne, akivitenganisha kwa kromatografia ya karatasi. Mbinu ya karatasi ilitoka kwa kina Martin; Martin na Synge walipata Nobel mwaka 1952 kwa kromatografia ya mgawanyo, na bila wao Sanger asingefika popote. Halafu anaunganisha: kipande hiki kinaishia na kile kinachoanzia hiki. Mnyororo B na Hans Tuppy, 1951. Mnyororo A na Thompson, 1953. Madaraja ya salfa yamekaa wapi, 1955. Nobel 1958. Asidi amino 51, zaidi ya miaka kumi.

Matokeo makubwa yalikuwa hili: mpangilio ni mmoja. Hakuna mchanganyiko wa minyororo inayokaribiana. Na haukuwa na ukawaida wowote wa kujirudiarudia ambao baadhi ya wakubwa walikuwa wakiutabiri.

#7 MtuWaNairobi

Hapa kwetu tulifunzwa dansili kloraidi badala ya FDNB. Ni kitu kimoja?

#8 Mzee wa Pipeti

Wazo ni lile lile. Gray na Hartley, 1963. Dansili inang'aa chini ya taa ya urujuanimno, kwa hiyo unaona kiasi kidogo sana, kidogo kama mara mia kuliko kwa DNP. Bado unaharibu sampuli ili kujua herufi moja. Watu waliitumia pamoja na Edman: kila baada ya kukata herufi moja, unachota kidogo, unakiweka dansili ujue nani amekaa mbele sasa.

Na sasa huyo Edman ndiye ninayemtaka.

#9 Mzee wa Pipeti

Pehr Edman, Msweden, aliyezaliwa Stockholm 1916. Makala yake ya njia hii ilitoka 1950 kwenye Acta Chemica Scandinavica. Kitabu kitakwambia "Edman alitumia fenili-isothiosianeti", PITC, na kuhamia mada nyingine. Ukiishia hapo hujaona alichofanya mtu huyu.

Shida ilikuwa hii: unataka kung'oa herufi ya kwanza, moja tu, na kuwaacha wengine wazima na wameshikana. Ni kama kumega pingili ya kwanza ya muwa bila kuupasua muwa wote. Lakini kifungo cha kwanza cha peptidi na cha saba ni vifungo vya aina ile ile. Asidi gani itajua kukata kimoja na kuacha vingine?

Jibu lake: ondoa maji.

Kukata kifungo cha peptidi kwa hidrolisisi, kama jina linavyodai, kunahitaji maji. Kwenye asidi isiyo na maji kabisa, vifungo havina wa kuvikata. Kwa hiyo anagawa kazi katika hatua mbili zenye mazingira yanayopingana. Kwanza alkali, pH ya 8 hadi 9, PITC inanasa kwenye amino ya mwanzo. Hakuna kinachokatika. Kisha unaosha ziada, unakausha, unaweka asidi kavu. Siku hizi ni ya trifluoroasetiki. Pale kifungo cha kwanza kinakuta mkataji aliyeletwa na PITC yenyewe: atomi ya salfa iko jirani kabisa na kaboni ya kabonili ya asidi amino ya kwanza. Inaishambulia, inajifunga pete ya atomi tano, na pete hiyo inajinyofoa ikiwa imeibeba asidi amino ya kwanza. Kifungo cha pili hakina salfa jirani, hakina maji, kimetulia.

Pete iliyotoka si imara. Unaivuta kwa kimiminika cha kikaboni kama butili kloraidi, unaihamishia kwenye asidi yenye maji, inajipanga upya kuwa fenilithiohidantoini, PTH. Hii ni tulivu, unaipeleka kwenye HPLC (mashine ya kromatografia ya kimiminika), unaisoma kwenye nanomita 269.

Kule nyuma kimebaki kipande kizima kilichopungua herufi moja, na mwanzo mpya ulio huru. Rudia.

Kwa kipande chetu: mzunguko wa 1 unatoa PTH-valini. Wa 2, PTH-histidini. Wa 3, lusini. Wa 4, threonini, na kilele chake kwenye grafu kitakuwa kifupi kwa sababu sehemu yake inapoteza maji. Wa 5, prolini, ambayo huchelewa kuachia. Wa 6, asidi glutamiki kwa mtu wa kawaida na valini kwa mwenye seli mundu. Wa 7 glutamiki. Wa 8 lisini, ikiwa imebeba PITC nyingine kwenye mkono wake wa pembeni. Sampuli moja, majibu nane.

Mambo madogo yanayoua kazi hii ni mawili. Oksijeni: inaila ile salfa, na bila salfa hakuna mkataji, ndiyo maana kila kitu kinafanyika chini ya naitrojeni au agoni. Na uchafu kwenye vitendanishi: ukirudia mzunguko mara thelathini, uchafu mdogo unarudiwa mara thelathini. Edman alikuwa mtu wa kusafisha vitendanishi, na mimi naamini hilo ndilo lililofanya njia yake ifanye kazi kwake kabla ya kufanya kazi kwa wengine.

Mwaka 1957 alihamia Melbourne, Australia, kuongoza taasisi ya utafiti ya hospitali ya St Vincent's. Huko yeye na Geoffrey Begg wakajenga mashine ya kuifanya kazi hii yenyewe, wakaitangaza 1967. Kikombe cha kioo kinachozunguka kasi, protini imetandazwa ukutani kama utando mwembamba, vitendanishi vinaingia chini, vinapanda ukutani, vinatoka juu. Walisoma asidi amino 60 za mwanzo za mayoglobini ya nyangumi, kwa kasi ya mizunguko kama 15 kwa siku. Hakuichukulia hataza. Alifia Ujerumani mwaka 1977, Nobel hakupata. Kwangu mimi hilo ni deni.

#10 Mwaka wa Pili MD

Asante kwa madini mzee. Sasa kama Edman hachoki, kwa nini tukate himoglobini kwa tripsini? Si tuanze herufi ya 1 mpaka ya 146?

#11 BintiMaabara

Naomba nijibu hili, mzee apumzike.

Edman anachoka, mdogo wangu. Hakuna mmenyuko unaofika asilimia 100. Chukulia kila mzunguko unafanikiwa kwa asilimia 98, ambayo ni nzuri sana. Baada ya mizunguko 30 waliobaki kwenye mstari ni 55 kwa 100. Baada ya 60 ni 30 kwa 100. Ukishuka kwenye asilimia 95, ukifika mzunguko wa 30 umebaki na 21 tu.

Na waliokosa hawapotei. Wanabaki nyuma mzunguko mmoja. Kwa hiyo kwenye mzunguko wa 20 unaona kilele cha herufi ya 20, na chini yake cha 19 kinachokuja kwa kuchelewa, na nyuma yake mchanganyiko wa herufi zilizotokana na minyororo iliyokatika ovyo kwenye asidi. Kuna mahali unakodoa macho na huwezi kusema tena kwa uaminifu ni ipi. Mashine za kawaida zinakupa 30 hivi, sampuli safi ikikubali 50 na kitu.

Ndiyo maana unakata kwanza. Na unakata kwa njia mbili tofauti, ili vipande vya njia moja vikuonyeshe vya njia nyingine vinavyoungana. Tripsini inakata baada ya lisini na ajinini, isipokuwa kama prolini inafuata. Kaimotripsini baada ya fenilalanini, tirosini na triptofani hasa. Kwa kemia tupu, bromidi ya sayanojeni, CNBr, inakata baada ya methionini; hiyo ni ya Gross na Witkop, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Naipenda CNBr kwa sababu methionini ni chache, unapata vipande vikubwa vichache. Nisichoipendea ni kwamba ni sumu ya kuua. Huifungui nje ya kabati ya kuvuta hewa hata kwa sekunde.

#12 Kobe Mzee

Na upande wa mkiani? Wote mnasoma kutoka kichwani.

#13 Mzee wa Pipeti

Mkiani kemia haijawahi kuwa na bahati. Akabori, Japani, alileta hidrazini mwaka 1952: unachemsha protini kwenye hidrazini isiyo na maji, kila asidi amino inageuka hidrazidi isipokuwa ya mwisho, maana kabonili yake haimo kwenye kifungo. Unapata herufi moja, kwa taabu, na hidrazini si kitu cha kuchezea. Wengi walitumia kimeng'enya cha kaboksipeptidesi, kinachong'oa herufi moja moja kuanzia mkiani, na kuangalia nani anatoka kwanza kadiri dakika zinavyokwenda. Inasaidia, ila herufi mbili zikitoka kwa kasi inayolingana unabaki kubahatisha. Tuache hapo.

#14 Mama Wawili

Samahanini wataalamu, mimi si mtu wa fani. Nimeingia kwa sababu umetaja seli mundu, na mwanangu wa pili anayo. Hiyo herufi ya sita waliijuaje? Na ina maana gani kwake?

#15 Mzee wa Pipeti

Karibu sana dada, na pole kwa safari hiyo. Umeuliza kiini cha kipande nilichochagua.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wenye seli mundu inatembea tofauti kwenye umeme. Maana yake chaji imebadilika. Lakini imebadilika wapi, kwenye molekuli yenye minyororo minne na asidi amino zaidi ya 570? Hawakujua.

Vernon Ingram, Cambridge, aliishughulikia 1956 na 1957. Hakusoma himoglobini nzima. Wakati huo ingemla maisha. Aliikata kwa tripsini, ya mtu mzima wa afya na ya mwenye seli mundu, kila moja ikatoa vipande kama 30. Kila mchanganyiko akaudondoshea kwenye kona ya karatasi kubwa. Akapitisha umeme upande mmoja, vipande vikatawanyika kwa chaji. Akaigeuza karatasi, akapitisha kimiminika upande wa pili, vikatawanyika kwa tabia nyingine. Akapuliza ninhidrini. Madoa yakatokea. Ukiziweka karatasi mbili pamoja, madoa yote yanalingana isipokuwa moja lililohama.

Doa hilo ni kipande chetu. Kwa mtu wa kawaida lina asidi glutamiki mbili zenye chaji hasi. Kwa mwenye seli mundu moja imekuwa valini isiyo na chaji, kwa hiyo doa linatembea tofauti. Baada ya hapo alikuwa na kazi ya kusoma kipande kimoja kidogo tu, kwa kukatakata kwa asidi na kwa njia hizi tulizozitaja. Mpangilio aliouchapisha kwanza ulikuja kurekebishwa baadaye, lakini glutamiki kuwa valini ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwamba mabadiliko ya jini yanabadilisha asidi amino moja kwenye protini.

Kwa mwanao, dada: ile valini ni ya aina inayokwepa maji, na inakaa nje ya himoglobini. Himoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo inapata sehemu ya kujibanza kwenye himoglobini jirani. Zinashikana, zinakuwa nyuzi ndefu, chembe nyekundu inapinda. Ndiyo maana wanakusisitiza anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi kali, na homa isichelewe kutibiwa. Na karatasi ya majibu yake iliyoandikwa SS, kipimo kile cha umeme hospitalini kinatumia tofauti ile ile ya chaji.

Kwa nini sisi huku tunayo sana: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Hiyo nayo ni mada ya uzi mwingine.

#16 Mama Wawili

Nashukuru sana. Hili la chaji hakuna aliyewahi kunieleza.

#17 MtuWaNairobi

Niongeze kitamu kidogo. Kuna himoglobini C, nafasi ile ile ya sita, lakini badala ya valini ni lisini. Hunt na Ingram, 1958. Sasa tripsini inakata baada ya lisini, si ndiyo? Basi VHLTPKEK inakatika katikati: VHLTPK na EK. Doa moja linakuwa mawili.

#18 Mzee wa Pipeti

Barabara kabisa mkuu.

#19 Fundi Spektra

Nimesoma yote kimya. Hongera kwa uandishi, ila mnawadanganya vijana. Spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli, inafanya haya yote kwa dakika. Unamenya protini kwa tripsini, unairusha, unavunja vipande ndani ya mashine, unasoma tofauti za uzito kati ya vipande. Maelfu ya protini kwa siku moja. Fenn na Tanaka walipata Nobel 2002 kwa sababu hiyo. Na protini ambazo mwanzo wake umezibwa na asetili? Edman wako anagonga ukuta: hakuna amino huru, PITC haina pa kunasa. Protini nyingi sana za seli zetu ziko hivyo.

#20 Mzee wa Pipeti

Mkuu, kuhusu mianzo iliyozibwa umesema kweli, na huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa Edman. Kwa kazi ya kutambua protini maelfu hakuna mjadala, umeshinda.

Lakini nisaidie hili. Kwenye kipande chetu nafasi ya tatu, mashine yako inaona uzito wa 113.084. Hiyo ni lusini au isolusini?

#21 Fundi Spektra

Hahaha. Uzito wao ni mmoja. Kwa njia ya kawaida naangalia jini, au natumia njia maalumu za kuvunja mkono wa pembeni.

#22 Mzee wa Pipeti

Umeangalia jini. Sawa. Na kama protini imetoka kwa mnyama ambaye hakuna aliyesoma jini lake, au ni kingamwili ambayo chembe iliyoitengeneza imeshapotea? Kwenye HPLC, PTH-lusini na PTH-isolusini zinatoka dakika tofauti, unaziona mbili.

Kingine ni kiwanda. Unatengeneza dawa ya protini, unataka kujua bechi hii inaanzia pale inapotakiwa, au kuna asilimia fulani imepoteza herufi mbili za mwanzo. Edman anakuonyesha mianzo yote miwili kwenye mzunguko wa kwanza, na uwiano wake. Ndiyo maana Shimadzu bado wanauza mashine hizi. Sikatai spektra, nasema kuna maswali mawili matatu ambayo bado jibu la haraka na lisilo na ubishi linatoka kwa PITC.

#23 Fundi Spektra

Hilo la bechi nakubali. La isolusini tutaendelea kubishana.

#24 BintiMaabara

Kwa anayetaka kupeleka sampuli Edman, hii iko kwenye mikono yangu kila mara. Huna haja ya kusafisha protini kwa safu. Itembeze kwenye jeli, uihamishie kwenye utando wa PVDF, upake rangi ya Coomassie, ukate mstari wako kwa wembe, utando wenyewe unaingia kwenye mashine. Lakini usihamishe kwa bafa ya kawaida ya tris na glisini! Glisini ni asidi amino. Itakaa kwenye utando na mizunguko ya mwanzo yote itakuonyesha G kubwa kama mlima. Tumia bafa ya CAPS na uoshe utando kwa maji mengi. Vaa glavu. Na utando uwe PVDF, ule wa nitroselulosi unayeyuka kwenye vimiminika vya mashine.

Sisteini nazo usizisahau. Zisipopunguzwa na kufungwa mapema, kwa ayodoasetamaidi kwa mfano, mzunguko wake unatoka mtupu. Mtupu mwingine unaweza kuwa asparajini iliyobeba sukari: ukiona pengo, halafu herufi yoyote isipokuwa prolini, halafu serini au threonini, shuku hilo.

#25 Mzee wa Pipeti

Huyu dada amewapa bure kitu ambacho watu wanakijua baada ya kuunguza sampuli.

Haya, zoezi. Kipande kina asidi amino 11. Kwa tripsini tumepata: A, GER, GFFYTPK. Kwa kaimotripsini: F, Y, TPKA, GERGF. Nipeni mpangilio na sababu. Anayejua ni protini gani aseme mwishoni.

#26 Kobe Mzee

Inaanza na G, ila vipande viwili vya tripsini vinaanza na G. Tumenaswa.

#27 Mwaka wa Pili MD

Hatujanaswa mzee. GERGF ya kaimotripsini inavuka mahali tripsini ilipokata, kwa hiyo baada ya GER inafuata GF, na GF ni mwanzo wa GFFYTPK. Halafu TPKA inavuka mkato mwingine: baada ya K inafuata A. Na hiyo A haina lisini wala ajinini, kwa hiyo ni mkia.

GERGFFYTPKA.

Nimeangalia kitabu: ni mkia wa mnyororo B wa insulini ya ng'ombe. Ya nguruwe nayo inaishia na A. Ya binadamu inaishia na T.

#28 Mzee wa Pipeti

Full maksi. Na hiyo A ya mwisho ndiyo tofauti pekee kati ya insulini ya nguruwe na ya binadamu. Ya ng'ombe ina nyingine mbili kwenye mnyororo A, nafasi ya 8 na ya 10. Kuna kiwanda kilichokuwa kinatumia tripsini hiyo hiyo kuitoa A ya nguruwe na kupachika T. Nikipata muda nitaileta, ila kwenye uzi wake.